Kilichotangulia Kuandikwa, Kikachelewa Kusomwa: Upokezi wa Kufikirika ya Shaaban Robert hadi Kajiado na Kitengela

Mnamo mwaka wa 1967 Oxford University Press ya Nairobi ilitoa kitabu chembamba cha Shaaban Robert kiitwacho Kufikirika. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki dunia miaka mitano nyuma, mwaka wa 1962. Wasomaji wa Kiswahili, kuanzia Tanga alikozaliwa hadi shule za bara, walikuwa wamekwisha kuzizoea nchi zake za kubuni. Walikuwa wameipitia Kusadikika (1951), nchi iliyoning'inia angani na kuwafunga wajumbe wake wenyewe. Walikuwa wamezuru Ughaibuni na Janibu katika Adili na Nduguze (1952), ambako watu hugeuzwa manyani na majini hulipa fadhila. Nchi hii nyingine ilipojitokeza, jina lake tu lilitosha kuzaa matumaini. Kusadikika na Kufikirika ni vitenzi viwili vya kauli moja, kama mapacha waliovishwa kanzu za kitambaa kimoja, na ilikuwa vigumu kwa msomaji kukishika kitabu hicho pasipo kukidhania kuwa ni mwendelezo wa kile cha kwanza.

Dhana hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mswada wa Kufikirika ni wa mnamo mwaka wa 1946. Kwa hiyo kile kilichopokewa kama neno la mwisho la mwandishi kuhusu nchi za njozi kilikuwa, kwa kadiri ya kalamu yake, miongoni mwa maneno yake ya mwanzo. Kitabu kilichotangulia kuandikwa kilichelewa kusomwa, na kuchelewa huko ndiko kulikoamua jinsi kilivyopendwa, kilivyolaumiwa na, mara nyingi zaidi, kilivyopitwa kimyakimya. Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya upokezi huo, kwanza katika upeo wa miaka ya 1960 na 1970, kisha katika mahali ambapo wahakiki wa riwaya hii hawakupazoea kupatazama: Kajiado na Kitengela, kusini mwa Nairobi.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mwaka huohuo wa 1967 Hans Robert Jauss alitoa mhadhara wake maarufu katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani Magharibi ya wakati huo, akidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa pasipo msomaji. Kwa Jauss, kila kazi huangukia katika upeo wa matarajio ya wale wanaoipokea, na thamani yake huonekana katika umbali uliopo baina ya kazi hiyo na matarajio hayo. Nadharia hiyo ilizaliwa Ulaya kwa ajili ya maandishi ya Ulaya. Hata hivyo ni nadra kuupata mfano unaoithibitisha waziwazi kama riwaya ya Kufikirika, iliyotungwa kwa ajili ya upeo mmoja na kuzinduliwa katika upeo mwingine kabisa.

Matarajio ya mwaka wa 1967

Msomaji wa Kusadikika alikuwa amefunzwa kutarajia nini? Alitarajia mashtaka. Katika kitabu hicho Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kufundisha uanasheria, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhai na Amini, waliotumwa pande zote za ulimwengu, mbinguni na ardhini wakiwa miongoni mwake, wakarudi na mambo ya kuitengeneza nchi, na wakaishia kifungoni. Kitabu kilitoka wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, na wasomaji wengi walikipokea kama istiara ya utawala usiotaka kusikia. Msisimko wake umo katika ujasiri wa mtu mmoja mbele ya baraza zima. Umo pia katika safari: kila mjumbe ni hadithi, na kila hadithi ni njia mpya inayofunguka.

Kufikirika haina Karama. Ina mfalme asiye na mtoto. Mfalme huyo anawakusanya wataalamu wa kila namna, wa mizizi, wa mafusho, wa makafara, wa hirizi, wa mazinguo na wa utabiri, ili wamwondolee ukiwa wa kukosa mrithi. Watabiri wanamwahidi mtoto wa kiume, lakini wanatabiri pia kwamba mtoto huyo ataugua ugonjwa mzito, na kwamba kupona kwake kutadai kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu. Mtoto anazaliwa, anakua, analetewa mwalimu, Utubusara Ujingahasara, ambaye jina lake ni sentensi mbili zilizoshonwa pamoja, anaugua, watu wa kuchinjwa wanatafutwa, na hatimaye damu haimwagwi. Sehemu kubwa ya kitabu ni mazungumzo: juu ya uganga, juu ya elimu, juu ya sheria na haki ya mtu kuishi. Aliyekuja kutafuta wajumbe wanaosafiri angani alijikuta ameketi barazani.

Hali ya nchi nayo ilikuwa imebadilika. Katika mwaka wa 1946 mfalme anayehangaikia mrithi alikuwa sura ya kawaida ya mamlaka. Watemi na machifu walikuwapo, na juu yao serikali ya kikoloni ambayo Shaaban Robert aliitumikia kama karani kwa miaka mingi. Kufikia mwaka wa 1967 Tanganyika ilikuwa imekwisha kuufuta uchifu (1963), na Unguja ilikuwa imempindua Sultani (Januari 1964). Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Ni katika mwaka huo, wa kutaifisha mabenki na kuzungumzia vijiji vya ujamaa, ndipo msomaji alipoletewa kisa cha kasri ambalo shida yake kuu ni nani atakayekalia kiti baada ya baba yake. Si ajabu kwamba kisa hicho kilionekana kama barua iliyofika baada ya mwenye nyumba kuhama.

Linganisho la karibu linapatikana katika kazi nyingine ya mwandishi huyohuyo. Utubora Mkulima ilichapishwa mwaka wa 1968, nayo pia baada ya kifo chake. Utubora anaacha kazi ya mshahara Unguja, anakwenda Busutamu kulima, na anajipatia heshima kwa jembe. Hakuna kitabu kilichoingia katika mahubiri ya siasa ya kujitegemea kwa urahisi kama hicho, ingawa mwandishi hakupata kuiona siasa hiyo. Vitabu viwili vya marehemu mmoja vilitoka karibu kwa wakati mmoja. Kimoja kikakutana na msimu wake, kingine kikakutana na msimu wa mwenzake. Ubora wa usanii haukuwa na sehemu kubwa katika hukumu hiyo. Kwa hakika, ukilinganishwa ukurasa kwa ukurasa, mjadala wa Kufikirika una makali ambayo Utubora Mkulima, kwa utulivu wake wote, haina.

Lawama za Dar es Salaam

Miaka ya 1970 ilileta uhakiki wa kitaaluma kwa lugha ya Kiswahili yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitegemea mwaka wa 1970, majarida ya Kiswahili na Mulika yakawa uwanja wa mijadala, na Shaaban Robert akawa, kama ilivyotazamiwa, mtu wa kwanza kupimwa. T. S. Y. Sengo alitoa Shaaban Robert: Uhakiki wa Maandishi Yake mwaka wa 1975, mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi aliwasilisha tasnifu yake ya uzamili juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Nyuma ya kazi hizo, na mbele yake pia, kulikuwa na hoja ya wahakiki wa mkondo wa Kimarx, ambao walimsifu mzee huyo kwa lugha na kumlaumu kwa udhanifu. Kwa maoni yao, mtu anayeamini kwamba mfalme anaweza kushawishiwa kwa hoja njema hajaelewa mfalme ni nani. Wahusika wake walionekana bapa, majina yao yakiwa yamekwisha kuwahukumu kabla hawajatenda lolote.

Lawama hiyo ilikuwa na uzito ilipoelekezwa kwa Kusadikika, lakini iliiangukia Kufikirika kwa uzito maradufu. Sababu yake ni ya mpangilio wa tarehe tu. Ikiwa Kufikirika ni kazi ya baadaye, basi mwandishi amerudi nyuma: kutoka kwa Karama anayeshtakiwa na serikali amehamia kwa mwalimu anayelipwa na serikali, kutoka barazani pa mapambano amehamia sebuleni pa mfalme. Mtu anayeipanga orodha ya vitabu kwa miaka ya uchapishaji ataona mteremko. Akiipanga kwa miaka ya utungaji ataona kupanda. Mwalimu wa Kufikirika atakuwa ndiye mbegu, na Karama ndiye mmea: mtu aliyeanza kwa kutafuta nafasi ya hekima ndani ya kasri, na ambaye miaka mitano baadaye ameandika kwamba hekima hiyohiyo ni kosa la jinai.

Hapa ndipo historia ya upokezi inapogusa jambo lenye madhara. Hukumu kwamba Shaaban Robert wa mwisho alikuwa mnyonge kuliko Shaaban Robert wa kati imerudiwa katika miongozo na mihadhara pasipo kuulizwa imetoka wapi. Imetoka katika ukurasa wa hakimiliki. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka wa 2002, zinarudisha mbele ya macho mtu mwenye kazi ya ofisi, familia na miswada ya kuhangaikiwa. Mswada wa mtu kama huyo hukaa sandukuni kwa sababu nyingi, na uchache wa wachapishaji wa Kiswahili wa zama hizo ulikuwa sababu tosha. Kukaa kwake hakumfanyi mwandishi kuwa mzee zaidi ya alivyokuwa alipouandika.

Wasomaji wa nchi nyingine wamewahi kupatwa na jambo hilohilo. J. R. R. Tolkien alifariki mwaka wa 1973. The Silmarillion, aliyoanza kuitunga sehemu zake kabla ya vitabu vyake mashuhuri, ilichapishwa mwaka wa 1977 kwa uhariri wa mwanawe Christopher. Wengi walioitarajia kuwa safari nyingine ya kufurahisha walikutana na masimulizi ya kale yaliyoandikwa kwa sauti ya maandiko matakatifu, wakakirudisha kitabu rafuni. Tofauti nayo ni Tehanu ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka wa 1990, miaka kumi na minane baada ya kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Earthsea. Mwandishi huyo alikuwa hai na alikuwa amebadili fikra: mchawi mkuu ameishiwa nguvu zake, na simulizi inakaa jikoni na shambani pamoja na mwanamke mjane na mtoto aliyeunguzwa. Baadhi ya wasomaji walihisi kuporwa. Wengine waliona kwamba ndipo dunia hiyo ilipokamilika. Jalada liliitangaza kuwa kitabu cha mwisho, na mwaka wa 2001 vikaja viwili zaidi. Tehanu ni kuchelewa kwa kutafakari. The Silmarillion na Kufikirika ni kuchelewa kwa mauti. Mhakiki asipozitofautisha aina hizo mbili atamtoza marehemu deni la mabadiliko ambayo hakuyafanya.

Kajiado: mtabiri na mrithi

Nchini Kenya msomaji wa Kufikirika alitoka mahali pengine. Kiswahili kilikuwa somo la hiari kwa muda mrefu, hata baada ya mapendekezo ya tume mbalimbali; ni mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 kufuatia ripoti ya Mackay ya 1981, uliokifanya kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka wa 1989. Matokeo yake ni kwamba watoto wa wafugaji katika nyanda za Kajiado, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimaa, waliletwa darasani mbele ya fasihi iliyotungwa Tanga na Unguja. Wahakiki wa pwani wamekuwa na mazoea ya kuwahesabu wasomaji wa namna hii kuwa wageni wanaohitaji faharasa. Kwa riwaya ya Kufikirika, hesabu hiyo ni ya kupotosha.

Kajiado ni mji wa reli. Umeota kwenye tawi linalotoka Konza kuelekea Magadi, lililojengwa kwa ajili ya magadi ya ziwa hilo. Ni pia sehemu ya nchi ambayo Wamaasai walisukumiwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Katika masimulizi ya watu hao hakuna jina zito kuliko la Mbatiany, oloiboni mkuu wa karne ya kumi na tisa, aliyefariki mnamo mwaka wa 1890. Husimuliwa kwamba alitabiri maradhi ya ng'ombe na ya watu, na kuja kwa wageni weupe. Na kwamba kabla hajafa mrithi wake alipatikana kwa hila, Olonana akitangulia kufika alfajiri na kupokea vifaa vya uganga ambavyo baba alikuwa amemwahidi Sendeyo. Masimulizi hayo yamo katika mkusanyiko wa A. C. Hollis wa mwaka wa 1905, na hayajanyamaza hata leo. Ugomvi wa ndugu hao wawili uliwagawa watu, na Olonana, aliyetambuliwa na Waingereza kama chifu mkuu, alifariki mwaka wa 1911, mwaka wa mkataba wa pili.

Msomaji aliyelelewa na masimulizi hayo anapokifungua kitabu cha mfalme asiye na mrithi hakioni kisa cha kikale kilichopitwa na siasa. Anaona swali ambalo jibu lake liliwahi kuigawa nchi ya babu zake. Kwake, kukosa mrithi ni msiba, na kuwa na warithi wawili ni msiba mwingine. Furaha ya Kufikirika kwa kuzaliwa mtoto mmoja wa kiume haimpitii kama pambo la hadithi.

La muhimu zaidi ni suala la watabiri. Uhakiki uliozoeleka unasema kwamba Kufikirika ni kitabu cha kupinga ushirikina na kutetea elimu ya kisasa. Kauli hiyo si ya uongo, lakini inapita juu ya jambo ambalo liko wazi katika matini. Watabiri wa Kufikirika hawakosei. Walisema mtoto atazaliwa, akazaliwa. Walisema ataugua, akaugua. Wale wa mizizi na hirizi wanashindwa mbele ya macho ya wote, ila wenye kuona mbele wanathibitishwa na matukio mpaka hatua ya mwisho, pale wanapodai damu. Shaaban Robert hakuukanusha utabiri. Aliikanusha bei yake. Tofauti hiyo haina maana kubwa kwa mhakiki anayeuweka uganga wote katika kapu moja. Ina maana kwa msomaji wa Kajiado, anayejua kwamba ukoo wa Inkidongi, wenye jina la kibuyu cha ramli, si sawa na mwuza dawa wa sokoni, na kwamba swali la kale juu ya oloiboni halikuwa tu iwapo anaona, bali anataka nini kwa kile alichokiona.

Kwa usomaji huo mgogoro wa Kufikirika unahama. Haupo tena baina ya ujinga na sayansi, mashindano ambayo mshindi wake anajulikana tangu jalada. Upo ndani ya maarifa yenyewe. Mfalme ana habari za kweli mkononi, na habari hizo za kweli zinamwamuru kuua watu wawili wasio na hatia. Hapo hoja ya sheria inayotolewa mwishoni mwa kitabu, ambayo wahakiki wengi waliiona kuwa hotuba kavu, inapata joto. Inamwambia mtawala kwamba hata utabiri uliotimia mara mbili hauwi hukumu ya kifo mara ya tatu.

Elimu nayo inasomwa kwa jicho jingine. Henry ole Kulet, katika Is it Possible? (1971) na To Become a Man (1972), alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi kijana wa Kimaasai anavyovutwa baina ya darasa na umorani. Katika riwaya hizo shule inamtoa mtoto kwa watu wake. Katika Kufikirika mtoto wa mfalme anabaki kwao na mwalimu ndiye anayekuja. Ubishi ni juu ya afundishwe nini na kwa njia gani. Anayevisoma vitabu hivyo kwa pamoja, kimoja kwa Kiingereza na kingine kwa Kiswahili, anagundua kwamba swali la Shaaban Robert ni la anasa kidogo, swali la mtu ambaye shule yake haijamdai ahame. Na bado jozi ya mjinga na mwerevu inamgusa kuliko inavyomgusa msomaji wa mjini. Mfumo wa mitihani umewagawa vijana wa rika moja katika makundi hayohayo mawili, na kisa kinasema kwamba wote wawili, aliyefaulu na aliyeshindwa, walitakiwa kwa kisu kimoja.

Kitengela: nchi isiyo na ardhi

Kitengela iko karibu zaidi na Nairobi, kwenye barabara iendayo Namanga. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa sehemu ya ranchi ya kikundi, mojawapo ya zile zilizoundwa chini ya sheria ya 1968. Kisha ranchi ikagawanywa, hati zikatolewa kwa mtu mmojammoja, na ardhi ikaanza kuuzwa vipandevipande. Viwanda vya Athi River, pamoja na eneo la kutengenezea bidhaa za kuuzwa nje lililoanzishwa mwaka wa 1990, vilivuta watu kutoka kila upande wa Kenya. Idadi ya watu wa Kajiado kwa jumla iliongezeka kutoka 687,312 katika hesabu ya 2009 hadi 1,117,840 katika ile ya 2019, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni la miji iliyo mpakani mwa Nairobi. Mahali pa nyumbu wa kutoka katika mbuga ya Nairobi pamejaa nyua za waya na mabango ya kuuza ploti. Lugha ya mji huo ni Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo jirani wa ploti moja na jirani wa ploti ya pili wanayo pamoja.

Mahali kama hapo mpangilio wa vitabu hivi viwili unageuka tena. Kusadikika ni nchi isiyo na ardhi. Inaning'inia angani, na mjumbe wake wa mwisho, Amini, anatumwa ardhini kana kwamba ardhi ni ng'ambo. Uhakiki umeuona ubunifu huo kuwa kejeli kwa dola iliyojitenga na watu wake. Anayeusoma Kitengela ana sababu ya kuuona kuwa ni maelezo. Kuna mfugaji aliyeuza akabaki na fedha zisizolishika jani, na kuna mfanyakazi aliyenunua futi hamsini kwa mia akabaki na ukuta. Wote wawili wanaishi nchi ambayo ardhi yake iko mbali. Kufikirika, kwa upande wake, ina mipaka iliyotajwa kwa uangalifu, kila upande ukiwa na jirani mwenye jina la jaribio au la fadhila fulani. Nchi inayojua inapakana na nini ni ndoto tofauti na nchi inayoning'inia. Kwa msomaji wa mji wa wahamiaji, Kufikirika yenye mfalme wake na waganga wake yaweza kuwa ndiyo yenye kutamanika zaidi, na Kusadikika yenye ujasiri wake ikawa ndiyo uhalisia. Hakuna mhakiki wa miaka ya 1970 aliyekuwa na sababu ya kuzisoma hivyo, na hilo halimfanyi kuwa mhakiki dhaifu. Wakati huo bado hapakuwa na ploti.

Nchi nyingine, kalamu nyingine

Mwaka wa 1995 East African Educational Publishers ilichapisha Walenisi ya Katama Mkangi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo katika nchi yake, anafika katika nchi ya njozi ambayo jina lake linafumbuliwa kwa urahisi: wale ni sisi. Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kutiwa kizuizini mwaka wa 1986, alijua kwamba msomaji wake atakumbuka Kusadikika, na kwa hakika alimtegemea akumbuke. Walenisi ikapokewa kama nyongeza ya kuchelewa katika mfululizo ambao mwanzilishi wake alikuwa amefariki miaka zaidi ya thelathini nyuma. Malalamiko nayo yalikuwa yaleyale: kwamba nchi njema inaelezwa kwa mihadhara, kwamba mgeni anauliza na mwenyeji anajibu, kwamba kisa kinasimama ili fikra ipite. Ni lawama ileile iliyotwishwa Kufikirika, na haikutolewa kwa sauti kubwa hivyo dhidi ya Kusadikika, ambayo nayo imejaa hotuba tupu. Tofauti ni kwamba hotuba za Karama zinatolewa na mtu anayeweza kuuawa jioni. Msomaji humsamehe mhusika kuhubiri akiwa kizimbani. Humchoka anapohubiri akiwa amekaa salama.

Ikiwa ndivyo, basi kosa la Kufikirika mbele ya wasomaji wake halikuwa mfalme wala waganga. Kizimba kipo, lakini kimewekwa mwishoni mno. Watu wawili wanaongojea kuchinjwa wanaingia wakati msomaji mwenye pupa amekwisha kuamua kwamba kitabu ni cha mawaidha. Baada ya Walenisi zimekuja Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002), na Kezilahabi mwenyewe, yule mwenye tasnifu ya 1976, alikuwa ametoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo ramani haisaidii na mwenye hekima hatoi jibu. Msomaji aliyezianza njozi za Kiswahili kwa riwaya hizi anakikuta kitabu cha 1967 kikiwa kimenyooka mno. Anayekianza kwa tarehe ya 1946 anakuta ndani yake karani wa serikali ya kikoloni akiandika, miaka mitano kabla ya kesi ya Karama, kwamba mjinga na mwerevu wana damu ya namna moja, na kwamba mfalme anaweza kuambiwa hivyo usoni pake.